Mjerumani Aliyetufundisha Kufa

Wewe unayenisikiliza, vuta kigoda ukae karibu, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Nitakwenda taratibu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, na nimezoea kueleza jambo hadi yule wa dawati la nyuma aelewe. Usione haya kama ni wewe. Na mimi nilianzia huko huko nyuma.

Nianze na siku ya kawaida kabisa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, wakati wa kiangazi, upepo wa Iringa ukiyagongagonga mabati ya ukumbi wa kanisa. Vijana kumi na wawili tulikuwa tumelala sakafuni, tumekufa. Katikati yetu alitembea Mjerumani mrefu mwenye sweta la kijani lililotoboka kiwiko. Alitukagua mmoja mmoja, kama mama anavyochagua maharage kabla ya kuyabandika.

"Lutengano," alisema, "wewe unapumua kwa mabega. Mtu aliyekufa hana mabega."

"Bwana Oto, mimi nina njaa," Lutengano alijibu bila kufumbua macho. "Maiti wa Kinyakyusa haondoki bila ndizi."

"Nyie hata mkifa mnaulizia chakula," nikamwambia, na mimi nikiwa maiti.

Maiti kumi na wawili tukatikisika kwa kicheko. Bwana Oto alisubiri hadi tukamaliza, kisha akasema tuanze upya.

Jina lake kamili lilikuwa Otto Brensing. Alikuja Iringa kumtembelea dada yake aliyekuwa muuguzi katika hospitali ya misheni, na alikusudia kukaa wiki tatu. Dada alimaliza mkataba akarudi kwao. Kaka akabaki. Alipewa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kanisa, akawa anatengeneza mabenchi yaliyovunjika na kuwafundisha vijana michezo ya kuigiza. Alijifunza Kiswahili vizuri, na alijua Kihehe cha kutosha kusema kamwene kwa kila mtu aliyekutana naye njiani, hata watoto, hata yule aliyemsalimia dakika tano zilizopita.

Kwao alikuwa mwigizaji. Nakuambia hili mapema usije ukadhani alikuwa mtu maarufu. Hakuwa. Alifanya kazi miaka kumi na moja katika ukumbi wa maigizo wa mji mdogo uliojulikana kwa kiwanda chake cha vigae. Alikuwa na kopo la biskuti lililojaa picha, na siku za mvua alitufungulia. Huyu hapa Oto amekuwa tarishi. Huyu hapa Oto ni askari polisi. Huyu hapa Oto anashika taa ili tajiri asome barua. Katika orodha ya waigizaji jina lake lilikaa chini kabisa, karibu na la mtu wa kufagia jukwaa.

Baadaye aliitwa kwenye filamu. Miaka ile, alituambia, kwao zilitengenezwa filamu nyingi za vita, na kila filamu ya vita ilihitaji askari wa kufa mapema ili watazamaji waelewe kwamba mambo si mchezo. Oto alikufa vizuri. Waongozaji wa filamu waliambizana, na simu ikawa inapigwa: tuletee yule mtu wa kufa. Alikufa kwenye theluji, darajani, juu ya pikipiki, na mara moja ndani ya pipa. Katika filamu zote hizo alipewa sentensi moja tu ya kusema, nayo ilikatwa. Alipokuwa anatusimulia hakuwa na uchungu. Alizizungushia picha zake karatasi laini, akafunga kopo, akauliza nani ana zamu ya kufagia ukumbi.

Siku moja Lutengano alimuuliza, mbona hakurudi kwao akaendelea na kazi. Alisema kule walimjua kwa kifo chake, na huku walau watu wanamuuliza jina.

Sasa nikueleze kufa kwa jukwaani, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Usianguke kwa magoti, kwa sababu aliyepigwa haombi dua. Kiganja kimoja kitazame juu. Mdomo uachie wenyewe. Pumzi uishushe tumboni, ndogo ndogo, upande wa tumbo ulio chini, ule unaogusana na ardhi, ili anayekutazama asione kitu. Macho uyaache nusu wazi, yatazame kitu kimoja kilicho mbali, wala usikione.

Na palikuwa na kanuni moja iliyopita zote. Maiti haamki mwenyewe. Onyesho likiisha, ukisikia makofi au kimya, wewe lala. Bwana Oto ndiye aliyekuja, akapiga goti, akakugusa bega, akakuita kwa jina lako la nyumbani. Mimi aliniita, "Ezekia." Akangoja. "Ezekia, rudi." Hapo ndipo uliposimama. Tulimcheka mwanzoni. Alisema mtu akijiamsha mwenyewe huacha kitu kule. Hatukujua anasema nini, lakini tuliizoea kanuni hadi ikaingia mwilini. Ningeweza kulala pale sakafuni nikiwa na siafu mguuni, nikingojea bega.

Mchezo wetu ulihusu vita vya mababu zetu na Wajerumani. Aliuandika yeye, baada ya kuwauliza wazee wa Kihehe maswali mwaka mzima. Sisi tulikuwa mashujaa, na yeye, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, alicheza afisa wa Kidachi, kama wazee walivyowaita Wajerumani. Alikufa wa kwanza. Siku ya onyesho uwanja ulifurika watu, na alipoanguka, bibi mmoja wa mbele alipiga vigelegele akasema, "Afe tena huyo Mdachi." Wengine wakaitikia. Bwana Oto aliinuka, akajikung'uta vumbi, akarudi nyuma hatua sita, akafa tena kwa namna nyingine. Jioni, tukiwa tunakunywa chai, alisema ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuombwa kurudia. Uso wake uling'aa.

Miezi michache baadaye redio ikatangaza kwamba nchi imevamiwa kaskazini.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa ualimu, Lutengano alikuwa fundi seremala, na wote wawili tulikuwa tumepitia mafunzo ya mgambo. Tuliitwa. Bwana Oto alikuja hadi stendi kutuaga. Nilitegemea maneno marefu, maana alipenda kueleza. Alitushika mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasema, "Nilichowafundisha ni cha jukwaani. Kisahauni."

Lutengano akamwambia asihofu, sisi tunakwenda kuwaua wao.

Hakucheka.

Sitakusimulia malori, treni, meli, wala majuma ya kutembea. Wengine wamesimulia vizuri kuliko mimi. Nakupeleka moja kwa moja asubuhi moja, tulipokuwa tumeshavuka mpaka. Upande wa kushoto wa barabara palikuwa na kinamasi cha mafunjo, upande wa kulia mashamba ya migomba. Lutengano alikuwa anafurahi. Kila tulipopita shamba alilikagua na kutoa alama. Hii wameipogoa vibaya. Hii hata mama yangu angeisifu.

Tulitumwa watu tisa kwenda kuangalia nyumba moja iliyokuwa ndani ya migomba, kama ina mtu. Ilikuwa kama saa tatu.

Ilikuwa na watu.

Wenzetu waliokuwa nyuma waliweza kurudi. Mimi nilikuwa mbele. Kitu kilinipiga begani kama teke la punda, nikaanguka kando ya mtaro. Halikuwa jeraha kubwa, lakini wakati ule sikujua. Nilisikia Lutengano akianguka upande wangu wa kulia, ndani zaidi, kwenye majani makavu. Nilisikia uzito wake.

Risasi zikakoma.

Wakatoka.

Nikashusha pumzi tumboni.

Kiganja juu. Mdomo uachie. Tafuta kitu kilicho mbali. Nilipata jani moja la mgomba lililochanika, nikaliangalia hadi likawa si jani.

Walikuwa watatu. Mmoja alinipiga teke la mbavu. Mmoja alinivua viatu. Aliyenivua alikuwa na vidole vya baridi, na alifungua kamba vizuri, fundo kwa fundo, kama mtu anayemvua mtoto aliyesinzia. Mmoja alikwenda kuangalia upande wa Lutengano, akapekua majani kidogo, akarudi. Hakumwona.

Wakarudi kwenye ile nyumba, kama hatua thelathini kutoka nilipokuwa. Wakawasha moto. Nikasikia harufu ya ndizi zinachomwa.

Kisha Lutengano akaita.

"Eze."

Hakupaza sauti. Aliita kama mtu anayeita mwenzake kanisani.

"Eze, upo?"

Sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli kwako. Ningeweza kujibu. Sauti ndogo ingetosha. Pia ningeweza kutufanya tuuawe wote wawili, kwa sababu wale watu walikuwa wanaongea na kunyamaza, wanaongea na kunyamaza, na sikujua watanyamaza lini. Nimelipima jambo hili kwa miaka yote niliyoishi. Kuna siku huwa linaegemea huku, kuna siku linaegemea kule.

Aliita tena baada ya muda. Kisha tena.

"Eze."

Mwili wangu ulilijua lile jina. Ulikuwa umefundishwa kulingojea. Nilihisi miguu ikitaka kusimama. Nikaikataza.

Aliita mara saba. Mara ya mwisho jua lilikuwa utosini. Baada ya hapo nilisikia majani makavu yakisogea, kidogo, kisha kidogo, kisha hayakusogea.

Saa saba hivi mizinga yetu ikaanza. Wale watu wakakimbia. Vijana wetu wakapita mbio kwenye migomba, na mmoja akasimama juu yangu. Nilikijua kikohozi chake. Alikuwa koplo wetu. Niliona ncha za viatu vyake.

Alinitazama. Akasoma kwa sauti jina langu kwenye shati.

"Huyu amekwisha. Andika."

Mwenzake akaandika. Wakaenda.

Utaniuliza, kwa nini hukuinuka? Wengi wameniuliza. Naomba unielewe kama unavyoweza. Koplo alilitaja jina langu, lakini alimtajia mwenye kalamu. Hakuniita mimi. Na hakunigusa. Nilikuwa nimemkatalia mtu aliyeniita kwa jina mara saba, na baada ya hapo kitu kilichokuwa kinajua kusimama hakikuwepo. Niliwaona wenzangu wanaondoka kama unavyoona watu wanaondoka ukumbini.

Jua likiwa limeshuka, wakaja waliokusanya miili. Alikuwepo baba mmoja mnene wa kutoka Songea, ambaye nyumbani alikuwa mhudumu wa hospitali. Yeye hakutazama tu. Alipiga goti akaweka vidole shingoni mwangu. Kisha akanitikisa bega, lile zima.

"Ndugu," alisema. "Ndugu yangu, amka. Mimi naitwa Kristofa. Wewe nani?"

Nikamtajia.

Lutengano tulimkuta amelala kifudifudi. Kulikuwa na alama kwenye majani kutoka alipoanguka. Alikuwa ametambaa hatua kama kumi, na mkono mmoja ulikuwa mbele. Nilisimama alipokuwa, nikatazama mkono unapoelekea. Ulielekea kwenye mtaro.

Nililazwa majuma mengi kwa jeraha na homa, na kwa muda sikuweza kusema. Orodha ya koplo ilitangulia nyumbani. Siwezi kumlaumu. Nilikuwa nimekufa vizuri kuliko wote waliowahi kufundishwa.

Kwetu ni Ilula. Ukipita barabara kuu umewaona wale wanawake wanaokimbilia mabasi na ndoo za nyanya. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Basi letu liliposimama, aliinua ndoo hadi kwenye dirisha langu, akasema kwa mazoea, "Nyanya, mwanangu, nzuri hizi." Kisha akanitazama. Aliishusha ndoo chini polepole, nyanya isimwagike hata moja. Akaingiza mkono dirishani akanifinya sikio kwa nguvu zote.

"Lina joto," akawaambia wenzake.

Nyumbani msiba wangu ulikuwa umeshakwisha. Nguo zangu zilikuwa zimegawanywa. Binamu yangu alikuja kunilaki akiwa amevaa koti langu, akagundua, akalivua palepale uani, akanipa. Mama alinishika uso wote, hata meno. Ndipo akaniambia kwamba yule Mdachi wetu alikuja kwenye matanga, akakaa siku tatu pembeni, hakula wala hakusema. Aliuliza swali moja tu, na walidhani huzuni imemharibia Kiswahili. Aliuliza: "Nani alimgusa?"

Baada ya wiki moja nilikwenda Mbeya, kwa mama yake Lutengano. Alikaa Uyole, nyumba yenye migomba pande zote. Alinikaribisha, akaniweka kwenye kiti cha mwanawe. Alikuwa mwanamke mtulivu. Aliacha nile kwanza. Kisha akauliza jambo moja.

"Mwanangu, alikuwa peke yake?"

Nilimwambia hapana, mimi nilikuwa karibu.

"Alisema neno?"

Nilitazama sahani. Nilisema hakuwahi kusema kitu. Ilikuwa ghafla.

"Ndaga fijo," alisema. Asante sana. Akanifungia mkungu wa ndizi nipeleke kwetu. Niliubeba hadi Ilula. Uliiva pole pole jikoni kwa mama, na kila mtu alikula isipokuwa mimi.

Nilimweleza mtu mmoja tu, na nilimweleza kwa sababu ndiye aliyenifundisha. Nilimkuta Bwana Oto ukumbini, anapiga msumari kwenye benchi. Nilimwambia yote, hadi ile hesabu ya saba. Aliacha nyundo. Alikaa kwenye benchi ambalo halijamalizika, likayumba, naye akaliacha liyumbe.

"Alikuita kwa jina?" aliuliza.

"Ndiyo."

Ndipo akaniambia kitu ambacho hakikuwemo kwenye kopo la biskuti. Alipokuwa na miaka kumi na sita, vita vya kwao vikiwa ukingoni, alipewa bunduki na kofia iliyomzidi kichwa, akapelekwa kulinda barabara pamoja na vijana wengine wasiojuana. Asubuhi moja alilala kwenye shamba la viazisukari, katikati ya wenzake, akiwa hajaguswa na risasi hata moja. Alilala siku nzima. Karibu naye alikuwepo mmoja aliyekuwa hai.

"Wangu hakulijua jina langu," alisema. "Alikuwa anaita mama yake."

Basi hapo nikaelewa alikojifunzia kazi yake. Nikaelewa kwa nini walimpigia simu yeye, mwaka baada ya mwaka, na kwa nini alikubali. Alikuwa anarudi shambani kila mara, mbele ya taa na kamera, na kila mara mwongozaji alisema inatosha, na watu wakaenda kula. Nilimuuliza kama kuna mtu aliyewahi kumgusa bega. Alisema kwenye filamu hakuna desturi hiyo. Ile kanuni aliitunga Iringa.

Hatukulizungumza tena. Sijui kama watu wawili wenye upweke wa aina moja hupunguziana. Nadhani hukaa tu jirani. Nilikuwa namtembelea kila Jumapili baada ya ibada, nampelekea nyanya, ananipa kahawa chungu, tunatazama vijana wakicheza mpira. Aliendelea na maigizo. Yalikuwa ya harusi, ya wakwe wakorofi, ya mwizi wa kuku. Hakuna aliyekufa ndani yake. Watu walicheka sana, naye alisimama pembeni, mikono nyuma, akimtamkia kila mmoja maneno yake bila sauti.

Alizeeka kwetu, na kwetu akafa, kwa ugonjwa wa mapafu. Niliitwa asubuhi. Alikuwa amelala kitandani, akina mama wa kanisa wameshamfunika hadi kifuani. Nilitazama kwa jicho la kazi yake, nisamehe kwa hilo. Viganja vyote viwili vilitazama chini. Mdomo ulikuwa umefumbwa. Angejiona, angejiambia arudie.

Niliwaomba wanipishe kidogo. Nikapiga goti, nikamgusa bega, nikamwita kwa jina lake lote. Nikangoja. Nikaita tena. Nikakaa pale hadi nikawa na hakika, kisha nikafungua mlango nikawaambia waendelee.

Sasa mimi ni mzee, naishi Ipogolo, mke wangu ametangulia, watoto wako mbali. Mjukuu wangu Neema anasoma Mbeya. Mwaka huu alinitumia filamu kwenye simu, kipande cha dakika chache, nyeusi na nyeupe. Alikuwa ameandika jina nililozoea kumtajia, akatafuta mtandaoni hadi akapata. "Babu, si ndiye huyu?"

Ndiye. Kijana, mwembamba, amevaa koti la kijeshi, anakimbia kando ya ukuta. Anaanguka. Kiganja kimoja kinatazama juu. Kamera inamwacha pale inawafuata wengine, wale wenye majina makubwa. Pembeni ya picha unaona bado mguu wake. Niliirudia mara nyingi. Nilijua haiwezekani, lakini kila mara nilingoja mtu atokee amguse bega. Picha inakatika, mguu umelala palepale.

Kesho yake nilipanda basi la Mbeya.

Mama yake Lutengano alifariki zamani, na aliondoka na uongo wangu. Hilo siwezi kulitengeneza. Lakini dada yake, Tusajigwe, bado yupo Uyole, kwenye nyumba ile ile, naye sasa ni bibi mwenye fimbo. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilimweleza migomba, mtaro, viatu, na kwamba kaka yake hakufa ghafla. Nilimwambia aliniita, nami nilikuwa hai, na sikuitika.

Hakulia. Aliuliza aliita mara ngapi. Nikamwambia saba. Aliuliza aliita kwa jina gani. Nikamwambia.

Alitazama migomba yake kwa muda.

"Basi alijua upo," alisema.

Akainuka akaenda jikoni, akaniacha uani na kuku. Nilisikia anawasha moto. Sikujua kama ni wa chai yangu au wa shughuli zake. Hadi leo sijui kama maneno yale yalinihukumu au yalinifariji, na sikumuuliza, kwa sababu alikuwa na haki ya kuyasema yote mawili. Alirudi na vikombe viwili. Tulikunywa. Nilipoaga, aliniegemea begani ili ateremke kizingiti, bega lile lenye kovu, akalishika hadi tulipofika barabarani.

Nimekueleza yote kwa kuwa siku moja itakufikia, barabarani, shambani au chumbani. Ukimkuta mtu amelala chini, usimtazame tu ukapita. Piga goti. Weka vidole viwili chini ya taya lake, hesabu hadi kumi. Mguse bega. Mwite kwa jina lake, na kama hulijui, mtajie lako. Ngoja. Kisha mwite tena.